Ndoo Isiyovuja

Nimepatana bei na watu wengi maishani, na walionishinda ni wachache kiasi kwamba nawakumbuka wote. Anayeniuma mpaka leo ni mwenyekiti wa kijiji chetu, upande wa Handeni. Nilimwomba dirisha, akanipa maziwa.

Kabla ya hapo tulikuwa Korogwe mjini. Mdogo wangu, kitindamimba wa mama yetu, alikuwa fundi bati. Alifanyia kazi barazani mwa duka lililofungwa, karibu na reli: jiko la mkaa mbele yake, mkasi wa bati miguuni, na kile chuma chenye kichwa cha shaba kikipata moto kwenye makaa. Madebe yaliyotupwa yalifika kwake kama takataka, yakaondoka yakiwa koroboi, karai, birika na mikebe ya kumwagilia bustani. Mimi niliuza. Yeye alikuwa na mikono, mimi nilikuwa na mdomo, na mama alikuwa akisema kwamba ukituunganisha sisi wawili unapata mtu mmoja mzima.

Kulehemu ukikutazama unaona si kazi. Unapaka maji makali, ile asidi, kwenye maungio ya bati, yanachemka na kutoa moshi mweupe unaowasha macho. Unashusha kichwa cha shaba kikiwa moto, unakigusisha na lehemu, nayo inayeyuka na kukimbilia kwenye ufa yenyewe bila kusukumwa. Ikipoa, umemaliza. Ugumu uko kwenye hiyo lehemu. Iliyo nzuri imechanganywa na madini meupe, na ukiikunja karibu na sikio inalia, kisauti chembamba kama mtu anayetafuna punje ya mchele mbichi. Risasi tupu ukiikunja inakaa kimya. Mimi ndiye niliyekuwa nanunua, na mwenye duka la vyuma pale mjini alikuwa amenichoka.

"Mama, hii ni lehemu au redio? Kila siku sikio, kila siku sikio!"

"Ya leo haikamati stesheni, bwana. Nipe nyingine."

Alikuwa anatoa nyingine, na nyingine hiyo pia nilikuwa naikunja mara mbili, huku na huku, maana mtu anayekudanganya mwanzoni mwa fimbo anaweza kukudanganya na mwishoni.

Mdogo wangu hakutumia sikio. Alitumia meno. Aliuma ncha ya fimbo, akaangalia alama ya jino ilivyozama, akajua risasi ni nyingi au ni kidogo. Kisha hakuitoa mdomoni. Mkono mmoja ulishika bati, mwingine chuma cha moto, na lehemu ilikaa katikati ya meno kama mswaki hadi itakapohitajika. Mafundi wote wa pale walifanya hivyo. Walisema inaacha utamu kidogo kwenye ulimi, na fundi aliyekosa chai asubuhi alitaniwa kwamba amekwisha kunywa yake.

"Toa hicho kitu mdomoni," nilikuwa namwambia.

"Nikishike kwa mkono wa nani, dada?"

Alikuwa na sharti moja tu, alilolipata kwa mzee aliyemfundisha kazi. Chombo cha kuingia chakula kilehemiwe kwa ile inayolia, tena kwa nje. Ya kimya ni ya koroboi na mikebe ya bustani. Sababu hakuijua, na yule mzee labda hakuijua pia, lakini mdogo wangu alilishika sharti hilo kama mtu anavyoshika kula kwa mkono wa kulia. Mteja akileta birika akisema, "Ziba kwa ndani, haraka haraka, nina safari," alijibiwa kwamba safari njema.

Na upepo tulikuwa nao. Ulitoka upande wa mtoni, ukapita barazani, ukauchukua moshi wetu ukaupeleka stesheni. Tulikuwa tunacheka kwamba abiria wa Tanga wanausafirisha bila tiketi.

Ndipo ikaja operesheni. Watu wa mjini wasiokuwa na kazi inayoeleweka walitakiwa warudi vijijini kwao, wakajenge taifa. Kazi ya mdogo wangu ilieleweka vizuri kila mtu alipotaka birika, lakini siku hiyo hakuna aliyetaka birika. Aliulizwa kitambulisho cha mwajiri. Akaonyesha jiko. Tukapakiwa kwenye lori, yeye, mimi, jiko, mkasi na furushi la nguo, tukashushwa katika kijiji cha ujamaa karibu na kule alikozaliwa baba yetu, mahali ambapo mvua ikinyesha watu wanatoka nje kuitazama.

Siwezi kusema tulipokewa vibaya. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima, mpole, aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, na alifurahi kweli. Alimshika mdogo wangu mkono akautikisa muda mrefu.

"Ndugu fundi, wewe umeletwa. Kijiji hiki kilikuwa kinataka kiwanda."

Kiwanda chenyewe kilikuwa jengo la matofali ya kuchoma, zuri kuliko nyumba ya mtu yeyote pale. Lilijengwa liwe ghala la mahindi, lakini mahindi yalikuwa hayajapatikana ya kujaza ghala. Lilikuwa na mlango mmoja na paa la bati. Dirisha hapana, kwa ajili ya wezi. Mdogo wangu aliongezewa vijana wa rika lake wa kufanya nao kazi, wakaingia humo na majiko yao, na siku ya kwanza tu walitoka macho mekundu kama watu waliotoka matangani.

Na si moshi wa kulehemu peke yake. Madukani bidhaa zilikuwa zimeanza kukauka. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni, na lehemu haikuwa na foleni maana haikuwapo. Kijiji kikapata betri mbovu za matrekta kutoka shamba la mkonge. Wakawa wanazivunja, wanatoa sahani za risasi zilizomo, wanaziyeyusha kwenye sufuria kuukuu mle mle ndani, wanakwangua juu lile jivu la kijivu na kulitupa pembeni. Jioni walifagia. Mtu aliyesimama mlangoni wakati wa kufagia alimsikia fundi kabla ya kumwona.

Nikamwendea mwenyekiti. Nilivaa kanga nzuri, maana ukienda kuomba ukiwa umechakaa unapewa kilichochakaa.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba, ndugu. Karibu kiti."

"Sikai sana. Nimekuja kuomba dirisha."

"La wapi?"

"La kiwanda. Watu wanakohoa mpaka wanatapika."

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Dirisha lina mbao, lina bawaba, lina nondo. Na mwizi naye analipenda."

"Basi toboa tundu tu, juu kabisa, karibu na bati. Mwizi gani atapita hapo, wa kupenyeza pua?"

Alicheka. Nilipoona anacheka nilijua nimepoteza, maana mtu anayetaka kukupa kitu hacheki, anakunja uso akihesabu. "Ndugu yangu, lile jengo ni mali ya umma. Kutoboa ukuta wa umma kunataka barua kutoka wilayani."

"Basi wafanyie kazi nje, kivulini."

"Kiwanda cha kukaa chini? Wageni wakija niwaonyeshe nini, mafundi wa barazani? Hao si ndio waliotolewa mjini?"

"Basi maji, mwenyekiti. Wanatoka mle wananawa wote kwenye bakuli moja, wa mwisho ananawa matope. Tena hakuna sabuni."

"Maji hata mimi sina," alisema, na hilo lilikuwa kweli. Wanawake na mabinti waliondoka na ndoo kabla ya jua na kurudi likiwa utosini.

"Sasa wewe una nini?"

Akafikiri. Akang'aa uso kama mtu aliyekumbuka alikoweka ufunguo. "Maziwa! Kule kwenye mkonge nilikokuwa, waliofanya kazi kwenye vumbi la mashine za brashi, zile za kusafisha nyuzi, walipewa maziwa. Maziwa yanaosha kifua, yanavunja sumu. Mafundi watapata maziwa kila siku, bure. Kijiji gani kingine kinafanya hivyo?"

Hakuna kijiji kingine, nilipofikiri. Na habari ya maziwa kuvunja sumu haikuwa ya mwenyekiti peke yake. Kwetu mtu akinywa mafuta ya taa kwa makosa anapewa maziwa. Anayepaka rangi anapewa maziwa. Hata leo ukipita kwenye karakana za kuchomelea vyuma utawakuta vijana na pakiti zao, wamevua miwani wanakunywa maziwa. Nilikwenda kuomba dirisha, tundu, kivuli, maji na sabuni. Nikaondoka na maziwa, nikiambiwa nimeshinda.

Maziwa yalitoka kwa mama mmoja Mmasai aliyekaa na watu wake ng'ambo ya mashamba. Aliyaleta kwenye vibuyu, vimenyooka, vimefukizwa ndani kwa moshi wa kijiti, na maziwa yake yalikuwa na harufu ya moshi huo. Alikuwa mtu wa mizaha. Alisimama mlangoni mwa kiwanda, akaziba pua kwa shuka, akasema kwa Kiswahili chake cha kukata kata:

"Nyinyi mnapika nini humu? Shetani?"

"Tunapika sahani, mama!"

"Mle wenyewe. Mimi nipeni vibuyu vyangu vya jana."

Mambo yalikwenda hivyo kwa muda, na kama yangeendelea hivyo pengine nisingekuwa na cha kuandika. Lakini ikatoka habari kwamba kuna wageni wanakuja kutoka wilayani kuona kiwanda. Mwenyekiti akapita kukagua. Akaviona vibuyu vimepangwa ukutani.

"Hivi ni nini?"

"Maziwa, mwenyekiti."

"Kiwanda cha mabati kinanywea kwenye vibuyu? Mnataka tuchekwe?" Akamgeukia mdogo wangu. "Tengeneza ndoo. Kubwa, yenye mfuniko na mkono. Na isivuje hata tone, wageni wataiinua."

Mdogo wangu akamwambia ukweli. "Lehemu ya chombo cha chakula imekwisha, mwenyekiti. Nina hii ya betri tu."

"Lehemu si lehemu?"

"Kila moja ina kazi yake. Hii si ya kunywea."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo mdogo wangu alipokwama. Angesema nini? Kwamba mzee mmoja wa Korogwe, aliyekwisha kufa, alikataza bila kusema sababu? Katika nyakati zile, mtu aliyeshika jambo kwa kuwa wazee walilishika aliitwa mwenye mawazo ya zamani. Alisema, "Ndivyo tulivyofundishwa." Mwenyekiti akampiga bega kwa upole.

"Sasa ndiyo tunafundishana upya, ndugu."

Nilipanda lori hadi Korogwe kutafuta. Nilikwenda kwa yule mwenye duka la vyuma. Rafu zake zilikuwa zimebaki na misumari na picha ya ukutani.

"Nimekuja na sikio langu," nikamwambia.

"Sikio unalo, mama. Lehemu sina. Wewe lete hata inayonyamaza, mimi nitainunua."

Nikauliza kwingine, nikarudi palepale nikauliza tena, kama kwamba ingekuwa imezaliwa nilipogeuka. Nikarudi kijijini mikono mitupu.

Ndoo ikatengenezwa. Nimeona kazi nyingi za mdogo wangu, na ile ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote, na ninapoikumbuka natamani ingekuwa mbaya. Risasi ya betri haikimbii vizuri kwenye ufa. Ni nzito, inagoma. Kwa hiyo ili isivuje alilazimika kuirundika, nje na ndani, na akaisawazisha ndani mpaka ule mshono ukawa laini kama mdomo wa kikombe. Aliijaza maji, akaiacha juani, akapitisha kidole chini. Kukavu. Wageni walikuja, wakaiinua, wakaigonga kwa kucha, wakasema maneno marefu kuhusu kujitegemea. Mwenyekiti alitoa machozi, na sidhani kama ulikuwa moshi.

Mama Mmasai alipomimina maziwa humo siku ya kwanza alichungulia ndani, akacheka. "Leo maziwa yangu yamevaa bati kama nyumba ya tajiri." Akachukua vibuyu vyake akaenda zake.

Mafundi hawakuyapenda yakiwa mabichi. Waliyaacha ndooni yakalala, yakaganda, yakawa machachu, ndipo wakanywa. Mgando unakaa tumboni, na chakula cha mchana kilikuwa hakitabiriki. Wenzake wengine walichoka nayo, wakawa wanamwachia mdogo wangu. Yeye ndiye kiongozi wa kiwanda, yeye ndiye aliyekuwa akiinamia sufuria ya betri, kwa hiyo alikunywa yake na ya wenzake. Kila mtu aliona ni haki.

Kwanza lilikuwa tumbo. Linakaza, alisema, kama mtu anakamua nguo. Choo kilimgomea. Mwenyekiti akaambiwa, akasema fundi anafanya kazi sana, aongezewe maziwa. Akaongezewa. Kisha akapauka, midomo ikawa rangi ya jivu, akawa anapumzika katikati ya kazi ambayo zamani aliifanya akiimba. Aongezewe maziwa. Mimi nilikuwa nakwenda na kurudi, nikipeleka koroboi za kijiji kuziuza Korogwe, na kila niliporudi nilimkuta amepungua kidogo. Nilimnunulia dawa ya minyoo. Majirani walisema amerogwa na fundi mwenzake aliyebaki mjini. Nikawauliza aliyebaki mjini amwonee wivu gani, wa foleni ya sabuni?

Siku moja alinipa birika niliangalie. Alilishika kwa mkono wa kulia, akalinyoosha kwangu, na mkono ukaanguka. Si birika tu. Kiganja chenyewe kiliinama kutoka kwenye kifundo, kikaning'inia, vidole vikitazama chini. Birika likabingirika mpaka mlangoni. Alikitazama kiganja kama kitu cha mtu mwingine kilichosahauliwa juu yake. Akajaribu kukiinua. Mkono mzima ukapanda, kiganja kikabaki kinaning'inia.

"Kinasalimia ardhi," alisema, akijaribu kucheka. "Shikamoo."

Sikumuaga mtu yeyote. Tulipanda lori la mkaa, tukalala njiani, tukafika hospitali ya Korogwe. Tulikaa kwenye benchi refu hadi tukaitwa. Daktari alikuwa mtu mchovu, koti lake limefungwa kifungo kimoja, na mwanzoni hakumtazama mkono hata kidogo. Alimwambia afungue mdomo. Akauvuta mdomo wa chini kwa kidole, akaniita.

"Njoo uone hapa, mama."

Kwenye fizi, pale zinapokutana na meno, kulikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya samawati iliyoiva, kama wino. Mdogo wangu hakuwahi kuuona. Sisi hatukuwa na kioo cha ukubwa huo.

"Anafanya kazi gani?"

"Analehemu."

"Kwa kitu gani? Kwa risasi?"

"Kwa risasi ya betri."

Akaanza kuuliza mmoja mmoja, na kila swali lilikuwa kama ametembea nasi. Risasi anaiyeyushia wapi, ndani au nje? Jivu lake wanalifanya nini? Wanafagia likiwa kavu? Fimbo ya lehemu anaishika kwa kitu gani? Hapo mdogo wangu alifumba mdomo kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Wananawa kabla ya kula? Kwa maji ya namna gani? Nguo za kazi analala nazo?

Nikamwambia habari ya dirisha. Nilimweleza moshi ulivyokuwa mzito, na mimi nilivyohangaika.

"Dirisha lingesaidia," alisema. "Ule moshi mweupe unaowasha ni wa asidi, unaharibu kifua. Kuyeyusha betri ndani ya chumba kilichofungwa ni wazimu mtupu. Lakini risasi inapenda zaidi mdomo. Inakuja na vidole, inakuja na vumbi, inakuja na tonge. Usione ni salama kwa kuwa haina harufu. Mtu anayeshika risasi asiile, asiivute, asiipeleke nyumbani kwa nguo. Anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kugusa chakula. Ndiyo dawa iliyopo. Nyingine sina hapa."

"Lakini maziwa anakunywa," nikasema. Nilitaka angalau hilo tuhesabiwe. "Kila siku. Kijiji kinampa."

"Maziwa si kinga ya risasi, mama. Ni chakula tu." Alikuwa anaandika, hakuinua macho. "Yanakaa kwenye chombo gani?"

"Ndoo."

"Ya dukani?"

"Ya kwetu. Ya kulehemu."

Kalamu ikasimama. "Imelehemiwa kwa kitu gani?"

Mdogo wangu akanitazama.

"Maziwa mabichi au mgando?"

"Mgando," nikasema. "Wanayaacha yalale humo."

Aliweka kalamu chini, akapangusa uso kwa kiganja kuanzia paji hadi kidevu. Akatueleza kwamba kitu chochote kichachu kinailamba risasi, kinaiyeyusha kidogo kidogo bila moto, na kwamba ndoo ile usiku kucha ilikuwa inafanya kazi ya kuichovya kwenye maziwa. Kisha akauliza, si kwa ukali, "Nani aliyeitengeneza hiyo ndoo?"

Mdogo wangu akainua mkono kama mwanafunzi. Ulipanda hadi kifundo, na kiganja kikaning'inia juu ya kichwa chake.

"Mimi," akasema. "Na haivuji."

Sina uhakika kwa nini aliongeza neno hilo. Nadhani ni fundi tu alikuwa anasema.

Nilimwacha kwa jamaa zetu hapo mjini, nikarudi kijijini peke yangu. Wenzake walikuwa bado wanafanya kazi, na ndoo ilikuwa pale ukutani, imefunikwa kitambaa safi. Nikaibeba na mgando wake hadi kwa mwenyekiti, nikaiweka mezani kwake.

"Daktari amesema hii ndiyo iliyomla."

"Ndoo?"

"Ndoo, na betri, na kulehemu ndani, na kufagia. Yote. Lakini hii aliitengeneza kwa mkono wake mwenyewe."

Aliinua kitambaa, akachungulia ndani. Si mtu mbaya. Ndiyo shida yangu naye. Angekuwa mbaya ningelala vizuri. Mwishowe akasema, "Daktari ameandika?"

"Ameandika jina la mgonjwa."

"Basi tungoje aandike sababu. Na tusiseme kwamba kijiji kilimlazimisha. Kijiji kilimpa maziwa."

"Nilikuomba dirisha."

"Hukusema ndoo."

Hapo alinishika. Ni kweli, sikusema ndoo. Wala yeye hakusema ndoo nilipokubali maziwa. Ilikuja baadaye, bila mimi kuulizwa. Nikamwambia hivyo. Akasema tusirudi nyuma. Nikamwambia basi twende mbele: wale waliobaki mle ndani wapewe hilo dirisha leo, wayeyushie nje, wapewe maji yao peke yao. Nilishuka kila mahali nilipoweza kushuka. Nilifika kwenye tundu la ukubwa wa tofali moja.

"Kiwanda nitakisimamisha," akasema. "Fundi mkuu hayupo. Hao wengine warudi shamba. Sasa dirisha la nini tena?"

Nikachukua ndoo, nikamwaga mgando kwenye majivu nyuma ya ofisi yake ili hata mbwa wasiulambe. Nikaomba msumari na jiwe, nikaitoboa kitako. Nilipiga, nikahakikisha, nikapiga tena pembeni, halafu tena kwenye mshono, maana najua watu: ndoo nzuri namna ile ikitobolewa mara moja mtu ataiziba.

Mdogo wangu alikaa bila risasi kwa muda mrefu. Rangi ilirudi, tumbo likalegea. Mkono wa kushoto, ambao nao ulikuwa umeanza kulegea, ulipata nguvu za kutosha kushika jembe na kikombe. Wa kulia haukuinuka. Alijifunza kuubeba kwa ule wa kushoto, kama mtu anavyobeba kitu alichokabidhiwa na mwenyewe hajarudi kukichukua. Tulipoweza tulirudi wote kijijini, kwa kuwa shamba letu lilikuwa huko na mjini tulikuwa bado hatueleweki.

Mwaka ule mvua ikanyesha kweli. Mahindi yakapatikana, mengi, na lile jengo hatimaye likawa ghala kama lilivyokusudiwa. Likajazwa hadi juu, likafungwa mlango. Haukupita muda, harufu ya uvundo ikaanza. Akaitwa mtaalamu wa kilimo. Aliingia, akatumbukiza mkono kwenye magunia, akatoka anapuliza.

"Mahindi yanahitaji hewa," alisema. "Hili jengo halina hata tundu?"

Mafundi wa matofali waliletwa siku iyo hiyo. Barua kutoka wilayani sikuiona, wala sikusikia mtu akiiulizia. Walitoboa juu kabisa, karibu na bati, upande huu na upande ule, na juu ya kila tundu wakaweka wavu wa chuma ili mwizi asipite.

Mimi na mdogo wangu tulisimama njiani kutazama. Niliyahesabu yale matundu. Nikayahesabu tena kuanzia upande wa pili. Mwenyekiti alikuwa pale, akatuona, akainamisha kichwa kutusalimia, akaendelea kuwaelekeza.

Mdogo wangu aliuinua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akaukinga juu ya macho kwa sababu ya jua.

"Dada," akasema, "hebu waulize mahindi. Wao walipatana naye vipi?"

Tukarudi nyumbani. Chakula kilikuwa tayari. Nilichukua kata ya maji na kipande cha sabuni nilichokuwa nimekipigia foleni, nikammiminia mikono yote miwili, ule unaofanya kazi na ule usiofanya, maji yakianguka chini wala si bakulini, mpaka nikaridhika. Kisha nikammiminia tena, ndipo nikamwacha ale.